Chelezo cha Missy na jiwe lisilo na majina

Asubuhi nikiwa kwenye feri ya Likoni, nimebanwa baina ya mkokoteni wa madafu na pikipiki, humkumbuka Mskoti mmoja ambaye wala hakuwa na lake Mombasa. William Henry Johnston, kapteni katika wahandisi wa jeshi la Uingereza. Tarehe 14 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye kijiji cha Missy, Ufaransa, aliendesha vyelezo viwili kwa mikono yake mwenyewe kuvuka mto Aisne, kutwa nzima hadi saa moja jioni, risasi zikimnyeshea. Akija, kabeba majeruhi. Akirudi, kabeba risasi za wenzake walioko ng'ambo. Wakampa nishani ya Victoria Cross. Tarehe 8 Juni 1915 mdunguaji akamuua karibu na Ypres, Ubelgiji. Alikuwa na miaka 35.

Namvulia kofia. Nishani kubwa kuliko zote, na aliipata kwa kuvusha watu! Makuli wa bandarini wangemwelewa upesi kuliko majenerali.

Lakini kazi hiyohiyo huku kwetu ilifanywa kwa kichwa. Mbung'o walimaliza punda na farasi, basi unga na risasi vikabebwa na wapagazi wa kikosi cha Waingereza, Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza Kariakoo. Walikufa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Nenda Barabara ya Jomo Kenyatta ukasome maandishi ya zile sanamu za askari. Wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha inakuja ahadi, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Johnston ana kaburi lake na jina lake. Hawa wetu wamepewa sifa ya jumla. (Na hiyo nchi mwaka 1914 ilikuwa ya nani, tuyaache.)

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi kwa jambo hili. Sawa, tumesikia. Mimi nataka kaunti ifungue daftari, ipite Kisauni, Changamwe, Likoni, iulize nyumba kwa nyumba: nani wenu hakurudi?

Kwetu hawatakaa sana. Baba yake babu alichukuliwa na Kariakoo, hakurudi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyepewa jina lake.