Utando wenye kaboni umepata rangi, je, unafanya kazi?

Dioksidi ya titani tunaishi nayo bila kuitaja. Ndiyo inayofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe, na madini yake yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kuwa ikimulikwa ndani ya maji inaweza kuyatenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni. Tatizo ni kwamba umbo lake la fuwele liitwalo anatasi lina pengo la nishati (kiasi cha chini cha nishati ambacho nuru lazima ilete ili kuachia elektroni) la elektrovolti 3.2, kwa hiyo hunasa urujuanimno tu, nuru isiyoonekana kwa macho, takribani asilimia 5 ya nishati ya jua.

Ndiyo maana watu wakaitia kaboni. Atomu ya kaboni ikikalia nafasi ya oksijeni huleta ngazi mpya za nishati ndani ya pengo, na nuru ya buluu nayo ikaanza kunaswa, na kitu kilichokuwa cheupe kikapata rangi. Mwaka 2002 Khan na wenzake, Marekani, walichoma bamba la titani kwa moto wa gesi asilia wakatangaza ufanisi wa asilimia 8.35 katika kutumia nuru kutenganisha maji. Mwaka uliofuata jarida lilelile la Science likachapisha hoja za waliopinga hesabu hiyo.

Njia nyingine ni kutengeneza utando mwembamba wa dutu hiyo ndani ya chemba ya ombwe, yaani iliyotolewa hewa; kwa udhibiti, inaushinda moto wa gesi kwa mbali. Ioni (atomu zenye chaji) za gesi ya agoni hugonga bamba la titani, atomu hung'oka na kutua juu ya kioo, huku oksijeni na kaboni dioksidi zikiingizwa kwa kipimo. Utando hushika vizuri, na unene wake hupangwa kwa nanomita.

Shida huanza baadaye. Utando uliotengenezwa bila kupasha kioo kwa kawaida hauna mpangilio wa fuwele, hivyo hupashwa joto, mara nyingi nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, ili uwe anatasi. Ukipashwa hewani, kaboni huungua ikatoka. Ukipashwa kwenye ombwe, oksijeni hupungua, na nafasi zilizoachwa nayo hutia rangi zenyewe. Sasa rangi hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia mapema. Utando mwembamba hupata rangi hata kwa unene wake tu, kama mafuta juu ya dimbwi. Hata kipimo cha eksirei, kinachong'oa elektroni na kuonyesha kwa vilele vya nishati kaboni imeshikana na nini, kinahitaji jicho kali: kilele kikubwa cha karibu elektrovolti 285 mara nyingi ni uchafu wa hewani, unaokaa juu ya kila sampuli iliyotolewa chemba. Cha kutafuta ni kile kidogo cha karibu 282, kinachoonyesha kaboni iliyoshikana na titani.

Na hata kikionekana, kaboni hiyohiyo inaweza kuwa mtego ambamo elektroni na matundu (nafasi tupu zilizoachwa na elektroni) hukutana na kupotea kabla ya kufika kwenye maji. Kwa hiyo naunga mkono kazi hii iendelee, ila kila matokeo yaambatane na mkondo wa umeme uliopimwa rangi moja moja ya nuru, urujuanimno ukiwa umechujwa. Mkondo ukikatika mara tu urefu wa wimbi unapopita nanomita 388, ambao ndio mpaka wa lile pengo la elektrovolti 3.2, kaboni haijaongeza umeme wowote.