Kuwinda nguruwe mwitu Marekani: tunabishania ukubwa wa risasi na kusahau metali yake

Mjadala kuhusu risasi za kuwindia nguruwe mwitu nchini Marekani kwa kawaida huanzia kwenye kaliba, yaani upana wa risasi unaotajwa kwa sehemu za inchi, na kuishia hapo hapo. Mmoja atasema .223 inatosha, mwingine atashikilia kwamba bila .308 mwindaji anamtesa mnyama na kujihatarisha mwenyewe, na wa tatu hatakubali chochote kilicho chini ya .45-70. Kwa maoni yangu, uzoefu wa mashambani umeshalijibu swali hilo vya kutosha. Linalostahili kujadiliwa sasa ni risasi imetengenezwa kwa metali gani, na vipande vyake vinaishia wapi baada ya mnyama kuanguka.

Nguruwe hawa si wenyeji wa bara lile. Msafara wa Mhispania Hernando de Soto, uliotua Florida mwaka 1539, ulikuja na nguruwe wa kufugwa, na karne kadhaa baadaye watu wenye fedha waliingiza nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwawinda, wakachanganyika na wale waliotoroka mazizini. Leo Wizara ya Kilimo ya Marekani inawakadiria kuwa zaidi ya milioni 6 katika majimbo yapatayo 35. Jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, naye huibeba kwa takriban siku 115 tu. Texas, jimbo lenye wengi kuliko yote, liliruhusu mwaka 2011 wawindaji walipie kuwapiga kutoka kwenye helikopta, na mwaka 2019 likaondoa hata sharti la leseni kwa anayewaua katika ardhi binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi. Risasi zinazopigwa kwa mnyama huyu ni nyingi mno, na ndiyo maana aina yake si jambo dogo.

Suala la kaliba linaeleweka vizuri mtu akiujua mwili wa nguruwe. Moyo na mapafu yake vimekaa chini na mbele kuliko vya kulungu, karibu kufichwa na mabega. Dume aliyekomaa ana ngao chini ya ngozi ya bega, tabaka nene la tishu ngumu ambalo mchunaji akilifikia, kisu hukwama kana kwamba kinakata soli ya kiatu. Risasi nyepesi iliyobuniwa kwa wanyama wadogo inaweza kupasukia kwenye ngao hiyo kabla ya kufika ndani. Risasi ya kijeshi iliyofunikwa ganda gumu hadi nchani nayo hupenya bila kupanuka, na nguruwe akakimbilia vichakani na tundu jembamba, akafie mbali kwa mateso. Kwa hiyo .223 yenye muundo imara, ikipigwa mahali pake kutoka umbali wa wastani, humaliza kazi ambayo .308 yenye muundo usiofaa hushindwa. Sikatai kwamba kaliba kubwa humsamehe mpigaji kosa dogo la shabaha. Ninachokataa ni kuifanya kuwa mwisho wa mazungumzo.

Tuje kwenye metali. Risasi za kawaida za kuwindia zina kiini cha madini ya risasi (lead kwa Kiingereza) kilichovikwa ganda la shaba, na zinapendwa kwa sababu za haki kabisa. Madini hayo ni mazito, ya gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali shaba ni 8.9. Ni laini, kwa hiyo hupanuka hata mwendo ukishapungua, na bei yake ni ya chini. Risasi ya shaba tupu yenye uzito uleule hulazimika kuwa ndefu zaidi, na si kila mtutu wa zamani unaweza kuizungusha vya kutosha iende sawa. Zaidi ya hapo, nyingi huhitaji kasi ya mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili zifunguke vizuri. Mwindaji wa usiku mwenye bunduki fupi ya .300 Blackout na kizuia sauti, anayetumia risasi zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, yuko mbali sana na kiwango hicho. Zipo za shaba zilizobuniwa mahsusi kwa mwendo huo, lakini bei yake humfanya mkulima anayetaka kuokoa mahindi yake afikirie mara mbili. Anayewaita watu wa namna hii wakaidi hajawasikiliza.

Hata hivyo, ulaini uleule unaosifiwa ndio unaoleta tatizo. Kiini kikigonga mfupa wa bega kwa kasi kubwa humomonyoka, na chembechembe zake, ambazo ni sumu kwa anayezila, husambaa ndani ya nyama, mbali na njia ya jeraha inayoonekana kwa macho. Mchinjaji hukata sehemu iliyovia damu na kuamini kwamba amesafisha, huku chembe ndogo zisizohisika hata kwa meno zikibaki kwenye nyama inayokwenda kusagwa. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, maofisa wa afya walivishauri vituo vya kuwagawia chakula wasiojiweza viitupe nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji, baada ya picha za mashine kuonyesha vipande vya metali ndani ya nyama ya kusaga.

Wapinzani wa tahadhari hii wana jibu, na ni jibu la takwimu. Watu wa jimbo hilo walipopimwa damu, waliokula nyama ya porini walikuwa na kiwango cha juu cha madini ya risasi kuliko wasioila, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na hakuna aliyefikia mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumika wakati ule kama mpaka wa hatari. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zaidi mwaka 2008 kuliko sasa. Kwa watoto, mpaka wa marejeo umeshushwa hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021, na wataalamu wa afya wa Marekani wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Anayempelekea mkewe mjamzito au watoto wake paja la nguruwe mwitu hana budi kuhesabu kwa mpaka wa leo.

Upande wa pili wa madhara ni porini. Kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga, walifikia 22 tu mwaka 1982, na sumu ya madini ya risasi imebaki kuwa chanzo kikuu cha vifo vyao, kwa sababu hula mizoga na matumbo yaliyoachwa na wawindaji. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, ikatekelezwa kikamilifu kuanzia Julai 2019, inayokataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote wa wanyamapori, nguruwe wakiwemo. Walioipinga wanaonyesha kwamba kondori bado wanakufa kwa sumu ileile. Ni kweli, ila ndege anayeishi miaka mingi na kuruka mamia ya kilomita hawezi kuokolewa na tarehe moja kwenye gazeti la serikali.

Texas haina kondori, na wengi huko huona kwamba suala hili haliwahusu. Mimi naona kinyume chake. Anayewinda nguruwe mmoja kwa ajili ya kitoweo huacha matumbo peke yake, lakini anayepiga kundi zima usiku mara nyingi huiacha mizoga yote palepale, pamoja na metali iliyomo, na tumbusi, tai na mbwa mwitu wadogo wa nyikani huifikia asubuhi. Pale ambapo hoja ya bei ina nguvu kuliko kwingine ndipo pia mabaki yanapokuwa mengi kuliko kwingine. Wenye vitalu vya uwindaji Tanzania nao wasidhani jambo hili liko mbali: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu tumbusi wa Botswana ulikuta damu yao ina madini haya kwa wingi zaidi katika msimu na maeneo ya uwindaji.

Je, sheria ya California ndiyo ya kuigwa? Siamini kwamba Texas ingeitii, na amri isiyotiiwa haimsaidii tai yeyote. Njia ya Arizona inanivutia zaidi. Tangu mwaka 2005 idara ya wanyamapori ya jimbo hilo huwapa bure risasi za shaba wawindaji wanaokwenda katika eneo la kondori, bila kuwalazimisha, na idadi kubwa mno ya wawindaji hao wamekuwa wakishiriki, ama kwa kutumia shaba ama kwa kuondoa matumbo porini. Wamiliki wa mashamba ya Texas wanaolipisha wageni kwa uwindaji wa helikopta wanaweza kuanza kwa hatua hiyo hiyo, kwa kuweka gharama ya shaba ndani ya ada wanayotoza, na kwa kufukia mizoga pale ambapo risasi za zamani bado zinatumika.