Nyota Hazina Shida, Shida Waya

Watu wakisikia unapiga picha za nyota wanakuonea wivu, eti una raha wewe, usiku kucha unaangalia maajabu ya Mungu. Maajabu gani bwana, mi usiku kucha nimepiga magoti chini ya darubini, tochi mdomoni, natafuta plagi iliyochomoka, anga naiona saa ngapi?

Hebu tuhesabu waya zote. Darubini yenyewe haidai waya hata mmoja, ni bomba na vioo tu, chombo cha amani kabisa. Kamera sasa ndo inadai wa data na wa umeme, maana ina kipozeo cha kuishusha hadi digrii 10 chini ya sifuri ili picha isijae chenga. Kuna kakamera kengine kadogo kazi yake kuchungulia nyota moja na kuiripotia maunti, yaani ile mashine inayoizungusha darubini, ijirekebishe ikikosea, nako kana waya wake. Mota ya fokasi, ile ya kunoa picha, waya. Gurudumu la filta, lile la kubadilisha vioo vya rangi mbele ya kamera, waya. Mikanda ya kupasha lenzi joto zisishike umande, hiyo kila mmoja na wake. Maunti nayo usiisahau, umeme na data. Hapo hujapiga hata picha moja na bustani nzima imeshakuwa mtego wa panya wakubwa.

Na kama darubini ingesimama tuli wala nisingelalamika. Tatizo ni dunia, inazunguka. Anga inahama digrii 15 kila saa na maunti lazima iifuate, taratibu mno hata kwa macho huoni kitu, na kila waya ulioning'inia unaburuzwa humo humo. Waya haujui kama uko kwenye sayansi. Unafika mahali unanasa kwenye skrubu ya kukazia, unavutika, unavutika, halafu unajiachia tap! Sasa chukua digrii moja uikate vipande 3600, kwenye setapu nyingi kipande kimoja tu kinatosha kuihamisha nyota pikseli nzima, we fikiria hiyo tap imehamisha vingapi. Nyota iliyotakiwa itoke kidoti inatoka na mkia. Mwanga wa galaksi ya Andromeda umesafiri miaka milioni mbili na nusu, umepita kote huko haujakwama popote, umekuja kushindwa kwangu, hatua ya mwisho kabisa, na kipande cha waya nusu mita. Inauma jamani.

Halafu kuna pindu. Maunti hizi za mtindo wa Kijerumani, ile shabaha yako ikishavuka mstari wa katikati ya anga, ule unaotoka kaskazini hadi kusini, darubini inabidi ijipindue ihamie upande wa pili, la sivyo inaweza kwenda kugonga miguu ya stendi. Programu inafanya yenyewe, we umelala zako. Waya hazina programu. Asubuhi unakuta zimejizungusha kwenye stendi kama kamba ya mbuzi aliyeachwa mtini kutwa, na kamera imechomoka tangu saa saba, masaa yote yaliyobaki kompyuta ilikuwa inangoja tu.

Ukiacha waya mrefu, unanasa. Ukikaza mfupi, unachomoka. Urefu wa katikati upo, wala sikatai, ila ukihamia shabaha nyingine ya upande wa pili wa anga unakuta si wa katikati tena. Na baridi ikiingia, hizi waya za plastiki ya kawaida zinakakamaa, kila mmoja unasimama kivyake na msimamo wake, hapo ndo wale waliojinunulia za silikoni wanakucheka.

Kuna mtaalamu akanishauri weka tepu za rangi, nyekundu ya umeme, bluu ya data, hutapotea. Ushauri mtamu mchana. Usiku sisi tunatumia tochi nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza, na chini ya tochi nyekundu tepu nyekundu inaonekana nyeupe tupu na ya bluu inakuwa nyeusi sawa na waya wenyewe. Baki sasa unapapasa. Na zile plagi za duara za volti 12 sijui nani alizikalia kikao, nje zote milimita 5.5, ndani kuna za 2.1 na kuna za 2.5, kwa macho mapacha. Ile ya 2.5 inakubali kabisa kuingia kwenye pini ya 2.1, inakaa, taa inawaka, unafurahi, kumbe inachezacheza, kaupepo kakipita umeme unakatika nukta moja na kamera inaaga.

Kufunga na kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kubana waya, ndo usiniambie. Siku utakayofunga safi, ukakata na mikia yote, ndo siku utaona waya mmoja umebaki nje. Tumia velkro, unafungua na kufunga tena bila hasira. Na fungu lote libane karibu na pale mihimili ya maunti inapokutana, maana hapo mwendo ni mdogo, halafu ndo usawazishe uzito, waya zikiwa juu, sio kabla. Hilo nalisema kwa dhati, linasaidia.

Linalosaidia zaidi ni kupandisha kompyuta ndogo juu ya darubini, vifaa vyote viunganike huko huko na vizunguke pamoja, chini ushuke waya wa umeme peke yake. Nikafanya hivyo. Kwa mara ya kwanza setapu ikapendeza, mi niko ndani naisoma kwa waifai, nikasema leo nimeshinda. Basi waifai ikaanza kukatika. Kumbe waya za USB 3.0 zinatoa kelele kwenye masafa yale yale ya waifai, 2.4 GHz, na kompyuta imekaa katikati yao. Nikauliza dawa yake nini, nikajibiwa rahisi tu mkuu, vuta waya wa netiweki.