Makaa ya Lamu na wanaotamani mkono wa chuma

Mjadala wa mazingira ukipamba moto katika nchi zetu, hakosi mtu wa kusema: tazameni Rwanda. Wao walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, yakaisha. Kenya ilijaribu 2007, ikajaribu tena 2011, na haikufaulu mpaka Agosti 2017, kwa vitisho vya faini hadi shilingi milioni 4. Basi, wanasema, mazingira yanataka serikali isiyoomba ruhusa, maana mpiga kura anataka unga leo na mwanasiasa haoni mbele ya miaka mitano.

Hoja hiyo ina uzito, na Msitu wa Mau wa Kenya ndio shahidi wake mkubwa. Mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo, ambao ndio chanzo cha mito ya Mara na Sondu. Raila Odinga, wakati huo waziri mkuu, aliposimamia kuhamishwa kwa walowezi wa msitu huo mwaka 2009, Bonde la Ufa lililomjazia kura 2007 likampa kisogo 2013. Uhamishaji mkubwa ulirejea 2018 na 2019, rais akiwa katika muhula wake wa mwisho, hana tena kura ya kuomba. Hapo mtu atasema nini?

Mimi nasema wanaipima demokrasia kwa sanduku la kura peke yake. Kuna sehemu nyingine isiyo na nyimbo wala fulana za bure, nayo ni haki ya mwananchi kuulizwa, na akipuuzwa, kwenda kushtaki.

Chukua Lamu, pwani ya Kenya. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, kisiwa cha Lamu na mji wake wa kale kikiwa jirani. Wakazi walikata rufaa, na Juni 2019 baraza la kusikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni. Wengi hudhani ilifutwa kwa sababu makaa ni machafu. Sababu kubwa ilikuwa nyingine: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walikuwa wameitwa mikutanoni kabla utafiti wa athari haujakamilika. Hebu fikiria mvuvi anaulizwa maoni yake juu ya ripoti ambayo haijaandikwa!

Wapo waliokejeli uamuzi huo, kwamba mradi mzima umeangushwa na utaratibu wa vikao. Lakini vikao hivyo ndivyo mahali ambapo anayejua mikoko na mazalio ya samaki hukutana na anayejua mitambo. Ukiruka hatua hiyo, ujuzi wa mvuvi haufiki kokote; utaupata baadaye mahakamani, kwa bei. Na bei yake Lamu inajulikana. Bandari ya hukohuko ilianza kujengwa bila wenyeji kusikilizwa vya kutosha, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Mkono wa chuma hauna pa kupokelea habari za namna hiyo. Enzi za Umoja wa Kisovieti, mito ya Amu Darya na Syr Darya ya Asia ya Kati ilipoelekezwa kwenye mashamba ya pamba kwa amri ya Moscow, Bahari ya Aral ilinywea mpaka meli zikabaki mchangani. Wavuvi wake waliona kila mwaka maji yakirudi nyuma. Wangemshtaki nani? Na amri huondolewa kwa amri. Marufuku ya Kenya ya plastiki, pamoja na kuchelewa kwake kote, ilipingwa mahakamani na wenye viwanda na ikasimama.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya Mau, nalo ni Kinangop. Huko Nyandarua mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 hivi, nishati safi kabisa, ulifutwa 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa hofu ya ardhi yao. Sauti ya wananchi ikazuia kile ambacho mwanamazingira angekiombea dua. Siwezi kusema wakazi ndio daima walinzi wa mazingira. Mara nyingine wanalinda shamba tu, na wana haki hiyo. Ninaloliona ni kwamba hata upepo hauvunwi juu ya ardhi ya watu wasiokuamini, na imani hiyo haipatikani kwa kutuma polisi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya mazingira zinadai mikutano isiyopungua mitatu na waathirika, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Mwekezaji anayeona hizo ni gharama na apige hesabu: mikutano mitatu na muda wa redio, dhidi ya fidia ya bilioni 1.76.