Kitabu cha mapambo cha 1974 na kitanda cha bibi

Hapa Northampton, Uingereza, maduka ya mitumba ya hisani hayakosekani, na mimi nikishaingia kwenye rafu za vitabu sitoki mikono mitupu. Safari hii nimeokota The House Book cha Terence Conran, chapa ya 1974, kitabu kizito cha kupamba nyumba, kwa bei ya kikombe cha kahawa. Conran ndiye aliyefungua duka la samani la Habitat pale Fulham Road, London, Mei 1964. Mwaka huo sisi Unguja tulikuwa na mambo mengine, mnayajua.

Mama anayepokea pesa akakifunua kidogo kabla ya kukitia mfukoni, akaniambia vitabu hivi siku hizi havikai, vijana wanavigombea. Wanataka rangi ya chungwa na kahawia, mbao zisizopakwa rangi, taa za karatasi. Vitu ambavyo mama zao walivitupa kwa aibu.

Nimekaa nacho usiku kucha, na wallahi kimenifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Kuta zimepakwa nyeupe. Sakafuni mkeka. Ukutani vikapu. Vyombo vya kupikia vimetundikwa wazi, kila mtu avione. Nikajiuliza, huyu bwana aliwahi kufika kwa bibi yangu, Malindi ya Unguja mjini? Maana chumba cha bibi kilikuwa hivyohivyo, isipokuwa mkeka wake ulikuwa wa ukindu uliotiwa rangi, ukili umeshonwa kwa mkono hata mshono huuoni, na kitanda kilikuwa cha besera, kirefu cha kupandia kigoda, kichwani kina vioo vilivyochorwa maua.

Kitanda kile hakipo. Ami mmoja (simtaji, yuhai na anasoma haya) alimuuzia mnunuzi wa vikale, kisha akanunua kitanda cha mbao za unga chenye kioo na droo. Masika ya kwanza droo zilivimba, hazifunguki mpaka leo. Cha bibi bila shaka kiko kwenye hoteli fulani, mgeni analala juu yake kwa dola na kupiga picha.

Hapo ndipo ninapochoka. Mwingereza akiishiwa na mawazo ya nyumba yake, anafukua kitabu cha zamani. Sisi tukiishiwa, tunafungua simu tutazame sebule ya Dubai. Halafu anakuja fundi wa jipsamu, anashusha dari, anazungushia taa za buluu na zambarau, na joto ambalo lilikuwa linapanda juu kwenye boriti linabaki kichwani mwa watu. Feni tatu haziliwezi, na umeme wenyewe ndio ule.

Najua mnachosema. "Huyu kaonja baridi, sasa anatufundisha kupamba." Jamani, mimi naishi nyumba ya kupanga, kuta za rangi ya maziwa yaliyochacha, na mkataba unanikataza kupigilia hata msumari. Nyumba ninayoipamba iko kichwani tu. Nyinyi mna kuta zenu wenyewe, na ndiyo maana roho inaniuma mnapozifunika.

Mwingine atasema, "Njoo wewe ulale chini ya boriti zinazomwaga unga wa mchwa." Hilo nalikubali. Nyumba ya mawe na chokaa ina kazi, na fundi anayejua chokaa ni wa kumtafuta kwa tochi. Lakini dawa yake si saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, maji yakiingia yanapata njia ya kutokea. Ukiupiga plasta ya saruji unayafungia ndani, jiwe linaoza taratibu huku wewe unasifia ukuta ulivyonyooka. Mji Mkongwe wa Unguja umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 mchana kweupe. Kama jumba la namna ile haliponi, sembuse la Bi mkubwa wa mtaani.

Wala sisemi turudi kwenye kibatari. Marumaru yanasafishika, friji ni rehema, na sofa ya kuegemea mgongo mtu mzima anaihitaji. Ninachouliza ni kwa nini kipya lazima kiingie kwa kukifukuza cha zamani. Wazee walipanga sahani za kutoka China kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya plasta iliyonakshiwa, sahani ngeni ukutani kwao. Walijua kuchanganya. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, kama mita tatu basi, na ndani ya wembamba huo walifanya mambo ambayo leo tunayaita ya hoteli.

Kinachochekesha ni kwamba kitu kilichotumika hatukionei haya hata kidogo, mradi kimetumiwa na Mzungu. Koti la mtumba kutoka dukani kama hili langu tunalivaa mbele za watu na kulisifia kitambaa. Kasha la bibi lenye misumari ya shaba linaitwa uchafu, linapelekwa banda la uani, linawekewa makaa.

"Sasa sisi tuna vitabu gani vya kupambia?" ameniuliza mtoto wa dada yangu, na kwa kweli hakukosea kuuliza. Nimewaza nikapata jibu: albamu za harusi. Zile za miaka ya sabini na themanini, kurasa zenye karatasi ya nailoni inayonata. Mtazameni bi harusi, mkishamaliza mtazame nyuma yake: pazia la vitambaa viwili, jamvi, kabati la vioo lenye vikombe vya wageni, vitambaa vya kufuma juu ya redio, asumini zimetungwa kwenye mto, mahali paliponing'inizwa taa. Hayo yote yalipangwa na mwanamke aliyejua anachokifanya, na hakusoma kwa Conran.

Kwa hiyo nimeomba kwenye kundi la familia, kila mwenye albamu anipigie picha kurasa zake, nataka kuona vyumba. Nimeeleza vizuri, hata sauti nimetuma. Dada yangu ndiye wa kwanza kujibu. Katuma harusi ya shangazi ya 1979, kaisafisha rangi kwa programu ya simu, na ukuta wote kaukata, zimebaki sura za watu tu. Chini kaandika: "Nimeondoa vile vitu vya nyuma, vilikuwa vinaharibu picha."