Sungura ana veni kava tatu, si mbili

Inaudhi kuona mchoro wa moyo wa binadamu umeandikwa chini yake "moyo wa sungura", ukagawiwa wanafunzi wanaoingia maabara kupasua. Mchoro una veni kava mbili, yaani mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni kutoka mwilini. Sungura anazo tatu: mbili za mbele, kulia na kushoto, na moja ya nyuma. Mwanafunzi atailindaje ile asiyoambiwa kwamba ipo?

Hiyo ya kushoto ndiyo inayokatwa ovyo. Inatoka shingoni, inateremka kando ya mzizi wa pafu la kushoto, kisha inazunguka mgongoni mwa moyo ikilalia mfereji ulio kati ya atriamu (chumba kinachopokea damu) na ventrikali (chumba kinachoisukuma) ya kushoto, hadi kumwaga damu kwenye atriamu ya kulia, jirani na mdomo wa kava ya nyuma. Njiani inapokea veni kubwa ya moyo, yenye damu iliyokwisha kulisha misuli ya moyo wenyewe. Kwa binadamu, kava hii kwa kawaida hujifunga kabla hajazaliwa. Kwa sungura, kama kwa panya, inabaki wazi maisha yote.

Kwa hiyo mlaze sungura chali, ukate mbavu kama sentimita 1 kutoka kidarini, ncha butu ya makasi ikiwa ndani na ukiinua juu. Ukisogea mno kidarini utachana mishipa inayopita pembeni mwake, na damu itafunika kila kitu. Kisha utakutana na thaimasi, tezi ya kinga ya mwili iliyo kifuani, ambayo sungura mzima bado anayo. Wengi huivuta wakidhani ni mafuta, nazo kava za mbele ziko papo hapo chini yake, kuta zake nyembamba mno. Ibandue polepole kwa kibano butu.

Usiitafute kava ya kushoto kwa mbele. Shika ncha ya moyo, uinue kuelekea kichwani na kuigeuzia kulia. Ikiwa na damu utaona utepe wa zambarau iliyokolea. Ikiwa tupu inafanana na utando tu, ndiyo maana huondolewa pamoja na pafu.

Hata kwenye utafiti hasara ni ileile. Moyo uliotolewa mwilini ukining'inizwa kwa aota, ateri kuu ya mwili, na kulishwa majimaji kupitia humo (njia ya Langendorff), na mtu akitaka kukusanya kupitia ateri ya mapafu majimaji yaliyopita kwenye misuli ya moyo, sharti afunge kava zote tatu kwa uzi. Akifunga mbili, mengine yanavujia kushoto na kipimo kinashuka.

Haya, nakubali: vyumba ni vinne vilevile, na kwa kufundisha mzunguko wa damu ubaoni mchoro wa binadamu unatosha. Kwenye meza ya kupasulia hautoshi. Na kava za mnyama wa miguu minne ziitwe za mbele na nyuma, si za juu na chini.

Kuusahihisha mchoro hakuhitaji kitabu kipya. Chukua kalamu ya buluu, anzia shingoni kushoto, pitisha mstari nyuma ya atriamu ya kushoto, uumalizie atriamu ya kulia.