Eti sisi ni taifa la kukaa

Kikao cha harusi, Tabata. Kimeitwa saa kumi, kimeanza saa kumi na mbili kasoro. Mweka hazina anasoma ahadi, watu wameinamia simu ili wasitajwe, ndipo mjomba mmoja wa bibi harusi, suti kamili na miwani kwenye ncha ya pua, akasimama kutuelimisha. Hoja yake ilikuwa kwamba Kiswahili kimetulemaza. Mkutano tunauita kikao. Nyumba ni makazi. Ofisi kuu ni makao makuu. Ukitaka kujua mtu anaishi wapi unamuuliza anakaa wapi, na kiongozi wake ni mwenyekiti. "Lugha nzima imekaa! Wenzetu Waingereza wana neno la kila kitu, ndiyo maana wamefika." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake. Mchango ambao, niseme kwa roho mbaya, ndio pekee alioutoa jioni ile.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya heshima na kwa sababu pilau ilikuwa inakuja. Sasa nasema.

Mjomba, hao Waingereza unaowaona wamesimama, lugha yao imekaa kuliko yetu. Chukua hilo hilo neno lao "sit". Ni la zamani sana, lilikuwa "sittan" katika Kiingereza cha kale, na mzizi wake unazaa Kijerumani "sitzen", Kilatini "sedere", hadi Kisanskriti cha Wahindi. Upanishad, maandiko yale ya Wahindu, jina lake hufasiriwa kuwa ni kukaa chini karibu na mwalimu. Madrasa kabisa.

Sasa hesabu walichojengea juu yake. "Session" ni kikao, basi, Kilatini kilikaa kabla yetu. "Resident" ni yule anayefuata barua ya ukazi serikali ya mtaa, na asili yake ni mtu aliyekaa akabaki. "President" ni aliyekaa mbele ya wengine. Hapo nataka utulie kidogo, mjomba. Sisi mkuu wa nchi tunamwita rais, neno la Kiarabu linalotokana na kichwa. Yetu ni kichwa, yao ni kitako. Nani sasa amekaa?

"Possess", kumiliki, ni muunganiko wa uwezo na kukaa: kukaa juu ya kitu kama mwenyewe. Mswahili hahitaji kamusi hapo. Mtu anapozungusha pesa zako za mchezo miezi na miezi unasema amezikalia. "Siege" ni jeshi kukaa nje ya mji wa watu mpaka njaa iwatoe. "Dissident", yule anayesumbua wakubwa, ni aliyekaa mbali na wenzake. Hata masizi ya sufuria, "soot", mzizi wake ni huo huo: kilichokaa. Na "nest", kiota, ni mahali pa kukaa chini.

Kuna hili ninalolipenda kuliko yote. "Assessor" kwa Kilatini ni anayekaa kando ya hakimu kumsaidia. Mahakamani kwetu watu hao tunawaita wazee wa baraza, na baraza kila mtu anajua ni nini, ni pale mbele ya nyumba wazee wanapocheza bao. Lugha mbili ambazo hazijuani zimempa mshauri wa mahakama jina kwa kuangalia amekaa wapi. Kutoka kwa huyo huyo Mlatini aliyekaa kando ndipo Waingereza walipopata "assess", kukadiria kodi. Wafanyabiashara wa Kariakoo, mkiletewa makadirio, mjue kuna mtu wa kale alikuwa amekaa.

Lakini kilichoniudhi hasa ni hiyo ya "neno la kila kitu".

Kiingereza kina kitenzi "set". Asili yake ni "sit" iliyotiwa nguvu ya kumfanya mwingine atende, yaani kwetu ni kaa na kalisha, biashara imekwisha. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, lilikipa kitenzi hicho kimoja maana zipatazo 430, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko ya neno lingine lolote humo, kama maneno 60,000. Kalisha! Jua likizama, "set". Zege likishika, "set". Meza ikiandaliwa, saa ikirekebishwa, mtego ukitegwa, mfupa uliovunjika ukiungwa, mtihani ukitungwa, tarehe ikipangwa: "set", "set", "set". Sisi tuna kuzama, kushika, kuandaa, kurekebisha, kutega, kuunga, kutunga, kupanga. Kila kazi na kitenzi chake, na fundi wa zege akisema halijashika hakuna atakayedhani anazungumzia jua. Kwa kipimo cha mjomba, basi, maskini ni nani hapa?

Ila kipimo chenyewe ni kibovu, na mimi sitakitumia dhidi ya Kiingereza hata kama kinanishawishi. Neno linalobeba maana nyingi limetumika sana, limeaminiwa. Lugha haiwezi kutoa neno jipya kwa kila jambo jipya, nani atayakumbuka? Inachukua kile ambacho mwili wa kila mtu unakijua, kukaa, kusimama, kushika, kubeba, inakisukuma mbele kidogo, halafu kidogo tena. Ndiyo maana nguo inamkaa mtu, chakula kinakaa bila kuharibika, jina linakaa kichwani, na beki wa Simba au wa Yanga (sitaji, nina ndugu pande zote) anakalishwa na winga mbele ya uwanja mzima. Kaa ukijua. Kaa chonjo. Kaa mkao wa kula. Huo ni utajiri unaozaa riba.

Halafu huo uongo kwamba hatuna maneno ya mkao! Kuna kuketi, na Wakristo wanalitamka kila Jumapili kwenye kanuni ya imani. Kuna kuchuchumaa, kujikunyata, kukunja nne, kulala chali, kulala kifudifudi. Kuna kushika tama. Niletee Mwingereza anitafsirie kushika tama kwa neno moja, huzuni ikiwemo ndani. Tutakaa tukimsubiri.

Na wanachokifanya kwa kusimama ni kichekesho. Mtu asiyevumilika wao hawawezi "kumsimama", sisi hatuwezi kukaa naye. Kuelewa kwao, "understand", asili yake hufasiriwa kuwa ni kusimama katikati ya jambo. Hakuna anayesema Kiingereza ni lugha ya watu wa foleni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vikao vyetu ni vingi na virefu. Nakubali pia kuna istilahi za fizikia ambazo ukizisikia kwa Kiswahili unatamani kulia. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa darasani, na sisi mtoto akimaliza la saba tunambadilishia lugha mlangoni pa sekondari, kisha tunashangaa kwa nini maneno hayajakomaa.

Mjomba mwenyewe anaweza kubaki na suti yake, hanidhuru. Ninaowawazia ni watoto waliokuwa wamekaa kwenye mkeka nyuma ya viti vyetu jioni ile, wakisikia mtu mzima anayeheshimika akisema lugha wanayoongea na bibi yao ni ya wavivu, na watu wazima wengine wakipiga makofi. Baadhi yao wanasoma shule ambako ukinaswa unaongea Kiswahili uwanjani unaadhibiwa. Wanatoka kwenye adhabu shuleni, wanakuja kwenye dhihaka nyumbani. Mtoto huyo atajifunza Kiingereza kwa aibu, na anayejifunza kwa aibu huishia kukariri.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa Kiingereza wanaosoma hapa. Mkifika kwenye "sit" na "set", pale ambapo watoto huchanganya kila mwaka, wekeni fimbo chini. Andikeni ubaoni kaa, kisha kalisha. Waambieni ni mchezo ule ule wa lala na laza, "lie" na "lay", na waujaribu kwa "fall" na "fell" (ile ya kuangusha mti, si "fell" ya wakati uliopita), anguka na angusha. Mtoto wa darasa la tano wa Mbagala anaucheza kwa Kiswahili tangu akiwa na miaka mitatu.